Vioo Visivyotakata

Tarehe 4 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na nafsi yangu peke yake, natangaza rasmi kwamba leo saa nne kasorobo asubuhi, tango moja katika banda letu la vioo limeupita urefu wa mkono wangu, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Hakuna hotuba zilizotolewa. Mashahidi tulikuwa mimi na nyuki mmoja, naye alikuwa na haraka.

Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama huko mlimani unavaa sweta. Mjibu kwamba unavaa, hata kama huvai, ili dada yangu aache kuniuliza mimi.

Ulinicheka nilipostaafu kukata vioo vya watu, miaka thelathini na moja, nikaja hapa chuo cha kilimo kulea matango. Cheka tu. Kila asubuhi naamka nikiwa na mahali pa kwenda, na mfukoni nina ufunguo wa banda. Wastaafu wenzangu wana redio.

Lakini huo ufunguo sasa una maneno. Mkuu wa Chuo amesimama katikati ya banda, akatazama juu, akasema nusu ya paa, ile ya mashariki, ni chafu. Tarehe ishirini Machi wanakuja wageni wa ukaguzi. Nusu hiyo isipong'aa kama ile ya magharibi, ufunguo atapewa mtu mwingine, "anayejua kushika kitambaa." Ananiambia mimi hivyo! Mimi niliyefuta vioo tangu yeye anafundishwa kufunga kamba za viatu.

Sasa basi. Nina jamaa yangu mmoja, wewe humjui, ana vioo vyeupevyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Ameviosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa gazeti la zamani na kwa gazeti la juzi. Wewe uliyesomea mambo ya mwanga, mwambie atumie nini.

Mjomba wako,
Fundi Vioo (mstaafu, hajachoka)


Tarehe 11 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imepanda huku na gari la vyakula, ikiwa imekaliwa na gunia la viazi. Kwa kuwa simu huku hushika mtandao pale tu mtu anapopanda juu ya tangi la maji, tuendelee na barua.

Msalimie huyo jamaa yako nisiyemjua, mwenye banda, ufunguo na mpwa anayepima mwanga. Mwambie achanganye siki na maji ya uvuguvugu, apake, asubiri robo saa, kisha afute kwa kitambaa cha pamba. Uchafu wa vumbi na chokaa hauwezi kukataa.

Hongera kwa tango. Lakini nina swali, na naomba ulijibu bila mzaha: lilizaliwa upande gani wa banda?

Nauliza kwa sababu. Kazi yangu hapa kituoni ni kufunika maharage kwa kisanduku kinachopitisha mwanga na kupima kiasi cha hewa ya ukaa majani yanachovuta ili kupika chakula chao. Vitabu huita usanisinuru. Mama huita "hicho kilichokupeleka mbali." Mwaka huu kiangazi kimegoma kuondoka, na vilima vya mbali vimekuwa vikiungua. Moshi ukaja juu ya shamba letu, mwembamba, kama pazia la chandarua. Mwanga ukapungua kidogo. Na maharage, Mjomba, yakapika zaidi! Mwanga mdogo, chakula kingi. Msimamizi wangu akatazama hesabu zangu, akanitazama mimi, akasema, "Nenda kaoshe kifaa."

Nimekiosha mara tatu. Nadhani ni ugonjwa wa ukoo.

Mpwa wako,
Mpimajua

Sweta navaa. Hili mwambie kwa uso mkavu.


Tarehe 17 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Siki imemfika jamaa. Banda sasa linanuka kachumbari na vioo ni vilevile.

Umesema bila mzaha, nami nimevaa miwani. Tango lilizaliwa mashariki, upande huo unaoitwa mchafu. Nikaona si vizuri kukujibu kwa tango moja, nikahesabu yote tuliyochuma tangu mwezi uliopita. Miche ni ishirini na minne kila upande, mbegu za pakiti moja, maji ya bomba moja, samadi ya ng'ombe mmoja. Magharibi, penye vioo vya kung'aa: matango mia moja themanini na moja. Mashariki: mia mbili na saba.

Mimi shule niliiacha darasa la saba, ila macho sikuyaacha huko. Saa sita mchana, upande wa magharibi, majani ya juu hujikunja kingo kama karatasi iliyokaribia moto. Ukiinama utazame ya chini, ni ya manjano, yamekata tamaa. Mashariki majani ni ya kijani kuanzia kileleni hadi magotini. Hata la chini kabisa, linalogusana na udongo, linafanya kazi.

Mkuu hajali majani. Jumamosi alikuja akasimama chini ya ngazi.

"Fundi, umeosha?"

"Nimeosha, Mkuu."

"Mbona bado?"

"Mkuu, uchafu huu umezoea."

"Umezoea nini?"

"Umezoea kuoshwa."

Kisha akasema, "Osha tena." Nikaosha tena, yeye akiwa pale pale, mikono nyuma. Mpwa wangu, kuna aibu zinazotia jasho kuliko kazi yenyewe. Siku zimebaki thelathini na moja.

Mjomba wako


Tarehe 21 Februari

Mjomba!

Usioshe! Weka kitambaa chini. Ficha siki.

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikamsomea mpishi wa kituo kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Tazama sasa. Jua kali la moja kwa moja ni kama mtu anayegawa chakula kwenye sherehe, akasimama mlangoni na kumimina sinia zote kwa waliokaa mstari wa mbele. Wameshiba, wamelegeza mikanda, bado anawaongezea. Wa nyuma wanatazamana. Majani ya juu ndiyo hao wa mbele: yakishapata ya kuyatosha, mwanga unaozidi hauwi chakula, unakuwa joto na adha. Ya chini yamekaa kivulini na sahani tupu.

Lakini mwanga ukigonga moshi mwembamba, au wingu jepesi, au vumbi lako, hutawanyika. Unaingia kutoka kila upande, unapenya katikati ya majani, unawafikia wa nyuma. Jumla inaweza kupungua na bado watu wengi zaidi wakala. Maharage yangu hayakukosea. Kifaa hakikukosea. Na vumbi la paa lako ni ushahidi!

Jambo hili si dogo. Hali ya hewa inageuka: moshi unazidi mahali, mawingu yanahama, vumbi linasafiri. Kila kimoja kinabadilisha si wingi wa mwanga tu, bali na namna unavyofika. Bado tunatafuta kujua mimea itapata nini na kupoteza nini.

Usijali kuhusu ufunguo. Nimechukua hatua ndogo. Utanishukuru.

Mpwa wako anayeruka,
Mpimajua


Tarehe 2 Machi

Mpwa wangu,

Hatua yako ndogo imenikanyaga.

Alhamisi Mkuu aliingia bandani na barua mkononi, amechangamka kama aliyepata mjukuu. Barua yako. Yenye muhuri wa kituo! "Fundi," akasema, "kumbe tulikuwa na hazina tukaiita uchafu." Nikasema, "Ndiyo, Mkuu," kwa sababu nilikuwa bado sijajua tunazungumza nini. Akaisoma kwa sauti, mbele ya wanafunzi kumi na wawili. Alipofika kwenye "vumbi la thamani" nikaanza kutafuta mahali pa kukaa.

"Sasa," akasema, "kama nusu chafu inazaa hivi, kwa nini tuache nusu nyingine safi?"

"Mkuu, labda tungengoja…"

"Tungoje nini? Sayansi imesema!"

Wakachanganya udongo na maji kwenye ndoo nne. Wakapanda ngazi. Wakapaka paa lote la magharibi tope, matabaka mawili, wakiimba. Mimi ndiye niliyeshika ngazi.

Leo ni siku ya nne. Miche ya magharibi imerefuka shingo na kupauka. Maua yanadondoka. Mkuu anasema tuongeze tabaka la tatu.

Sasa nisikilize, kwa kuwa nitasema mara moja. Hakuna jamaa yangu, hilo ulilijua. Lakini pia hakuna uchafu. Paa langu la mashariki ni safi kuliko sahani za mama yako. Vile ni vioo vya bafuni.

Mwaka jana, ile mvua ya mawe ambayo wazee hapa waliapa hawajawahi kuiona, ilivunja vioo vya nusu ya mashariki. Yakaletwa makasha mawili na lori moja: moja la vioo vya kawaida, la banda, jingine la vile vya vipele visivyoonyesha ndani, la mabafu ya bweni la wasichana. Yakashushwa kinyume. Nilipofungua langu nikaona kosa, lakini wingu jingine lilikuwa limeshatanda na miche iko wazi. Nikajiambia, nafunika leo, kesho nabadilisha. Kesho yake nikakimbia bwenini. Fundi wa huko alikuwa ameshavikata vyangu vyote kwa vipimo vya madirisha ya mabafu, na ameshavipachika. Mtu huyo ana bidii isiyo na maswali.

Matroni akatundika mapazia mazito. Anaamini chuo kiliamua kuwapa wasichana mabafu yenye mandhari.

Nami nikanyamaza. Paa liko juu, Mkuu haoni vizuri mbali, akasema ni uchafu, nikasema nitaosha. Nikaosha mwaka mzima, Jumamosi baada ya Jumamosi. Fundi wa miaka thelathini na moja aliyepachika kioo kisicho chake! Ningeanzaje kusema?

Tuambie tufanye nini. Nasema "tu" kwa sababu na wewe umo.

Mjomba wako,
Fundi (labda wa zamani)


Tarehe 6 Machi

Mjomba wangu,

Nimecheka mpaka mpishi akaniletea maji. Kisha nikaona aibu, maana mimi niliandika "vumbi la thamani" kwenye karatasi yenye muhuri bila kuuliza vumbi lenyewe lina rangi gani. Msimamizi wangu hunifundisha kila siku: kabla hujaeleza jambo, nenda kalione. Sikwenda. Nilimwamini mjomba anayenukia siki.

Kwanza, osheni tope leo hii. Tope halitawanyi, linakula. Mwanga unaingia ndani yake na hautoki. Vioo vyako vya bafuni karibu havili chochote. Vinaupokea mwanga na kuurusha huku na huku, wote au karibu wote. Hiyo ndiyo tofauti, na hata huku tumeiona: wiki iliyopita moshi ulizidi ukawa kama blanketi, maharage yakashuka vibaya. Pazia jepesi ni jambo moja, blanketi ni jingine.

Pili, naweza kumwandikia Mkuu tena nikaeleza yote. Barua nimeshaiandika, iko mezani. Sitaituma. Nikiituma kabla hujasema, atajua kutoka kwangu kwamba umemdanganya, na hapo ufunguo umekwenda kweli. Ukisema mwenyewe, nitaituma siku hiyo hiyo, na nitaongeza kwamba yale matango mia mbili na saba yalihesabiwa na mtu mwangalifu kuliko wengi ninaofanya nao kazi.

Najua hupendi. Wewe ndiye uliyenikatia kioo cha kwanza cha kutazamia mdudu, nikiwa na miaka saba, ukaninolea kingo zisinikate. Kingo hizi nakuachia uzinoe wewe.

Mpwa wako,
Mpimajua


Tarehe 13 Machi

Mpwa wangu,

Nimesema.

Tope lilikuwa limeshaoshwa. Nilimwambia Mkuu wewe ndiye uliyeagiza, akatii sayansi. Kisha nikamwomba aje bandani peke yake. Nikasimamisha ngazi upande wa mashariki.

"Mkuu, naomba upande."

"Mimi?"

"Wewe. Kuna kitu nimekificha mwaka mzima, nacho siwezi kukileta chini."

Akapanda na viatu vyake vya ngozi na tai yake, polepole, nikishika ngazi kwa mikono miwili na kumwomba Mungu kwa sehemu iliyobaki. Alipofika juu nikamwambia apitishe ukucha kwenye kioo. Akapitisha. Krrr. Akapitisha kingine. Krrr.

"Fundi. Hiki ni kioo cha bafuni."

"Ni cha bafuni, Mkuu. Vyote arobaini na vinane."

Nikamweleza makasha, mvua, fundi wa bweni, Jumamosi zote. Hakushuka. Alisikiliza yote akiwa juu, uso wake kati ya majani, mimi nikiwa naongea na soli za viatu. Nikasikia ametoa miwani, ameifuta, ameivaa.

"Kwa hiyo kila Jumamosi ulikuwa unaosha kioo safi."

"Ndiyo, Mkuu."

"Na mimi nilikuwa nimesimama pale nakutazama."

"Bila kukosa, Mkuu."

Ngazi ikaanza kutikisika. Nilidhani anaanguka. Mpwa wangu, mtu alikuwa anacheka! Alicheka mpaka nikapata kazi ya kumshikilia miguu. Aliposhuka, machozi yanamtoka, akatazama majani ya mashariki, ya juu na ya chini, akainama mwenyewe akaligusa lile la mwisho kabisa linalolala udongoni. Alipoinuka alikuwa Mkuu tena.

"Nani mwingine anajua?"

"Mpwa wangu. Na mpishi wao."

"Basi tuliamua."

"Tuliamua nini, Mkuu?"

"Chuo kiliamua, Fundi. Mwaka jana. Nusu vioo hivi, nusu vile, tulinganishe. Jaribio. Na wewe ulihesabu."

"Na ufunguo?"

"Jaribio lisilo na mlezi ni jaribio gani? Kaa nao." Akaanza kwenda, kisha akageuka mlangoni. "Lakini habari za mabafu, utamweleza Matroni wewe mwenyewe."

Nimemweleza. Amesema vioo hataki kurudishiwa, mandhari ameyazoea; anataka tango moja kila wiki, na liwe la mashariki.

Tuma barua yako.

Mjomba wako,
Fundi Vioo na Mlezi wa Jaribio


Tarehe 16 Machi

Mjomba, shikamoo mara mbili,

Barua imeondoka na gari la leo, na kwa mara ya kwanza dereva ameahidi kutoikalia.

Nina lako na langu. Nilimwonyesha msimamizi hesabu zako kando ya zangu. Alikaa nazo tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Kisha akasema, "Kifaa chako ni safi." Kwake yeye hayo ni mapambio na vigelegele. Akauliza kama huyo mtaalamu wa banda angekubali tuweke vipimo humo msimu mzima, chini ya vioo vya aina zote mbili, maana moshi hauji kwa ratiba lakini bafu lako liko pale daima.

Nimekubali kwa niaba yako. Nashuka mwezi wa nne na visanduku vyangu vitano, nakaa miezi mitatu. Nitalala kwenu. Mwambie Mama akae kwanza ndipo umpe habari.

Mpwa wako,
Mpimajua


Tarehe 21 Machi

Mpwa wangu,

Mama yako hakukaa. Amehamisha kabati mara mbili na sasa chumba chako kinatazama mashariki, "kwa ajili ya masomo yake."

Wageni wamekuja, wamekwenda, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Mkuu alivaa tai ya kijani. Alitamka "usanisinuru" mara saba, nilimhesabia. Alikuwa ameandaa onyesho lake mwenyewe, na tulilifanyia mazoezi siku nne mfululizo saa sita mchana: unanyoosha mkono upande wa magharibi, kivuli chake kinaanguka sakafuni na vidole vyote vitano, unahamia mashariki, unaunyoosha tena, na sakafuni hakuna kitu. Mwanga umeuzunguka mkono pande zote. Matroni alikuja mazoezini na bangili zake na kusema angelipa kiingilio.

Basi siku yenyewe Mkuu akasema, "Waheshimiwa, nyoosheni mikono." Wakanyoosha, watu sita, kama wanaoapishwa. Wakatazama chini kwa makini. Mkuu akawavusha mashariki. Wakanyoosha tena, wakatazama chini tena. Wakatikisa vichwa kwa kukubali, mmoja baada ya mwingine. Mkubwa wao akaandika kwenye daftari lake: "Tofauti ni dhahiri." Nilikuwa nyuma yake, niliisoma. Wakapiga makofi, wakapewa matango, wakaingia garini.

Njoo haraka. Nimekuandalia meza ya visanduku vyako, na juu yake nimepachika kioo. Cha aina gani, utaona ukifika.

Mjomba wako akupendaye,
Fundi Vioo

Nyongeza: Mama yako anasema nisikufiche kitu tena. Jana, siku ya wageni, kulikuwa na mawingu tangu alfajiri. Hakukuwa na kivuli upande wowote.